Daktari Atakwambia

Kijiji kinaitwa Filim. Muhenna alipoliona jina kibaoni
alicheka mpaka gari likayumba: "Hata huku wamekufuata!"
Miaka thelathini na moja nilitundika filamu
kwenye taa nyeupe, chumba namba nne, Maskati:
mbavu, nyonga, magoti ya watu,
nikisema kwa Kiarabu, kwa Kiurdu cha kuokoteza,
kwa Kiswahili kama mgonjwa ni wa kwetu:
Vuta pumzi. Zuia. Usitikisike.
Haya, pumua.

Sasa mstaafu. Nina lenzi ndefu kama mchi
(maneno ya mume wangu; nusu ya bei ameilipa yeye)
na gari la kulala, la mtumba, lililotoka Dubai:
jiko la matundu mawili, pazia nilizoshona mwenyewe,
choo ambacho tumekubaliana tusikizungumzie.

Watoto wanapiga simu: Mama, mko wapi?
Nawaambia, mahali ambapo ardhi imelala chali.
Bahari hapa ikipwa huenda mbali mpaka huisikii,
huacha tope, huacha chumvi, na juu ya tope vitwitwi,
elfu ngapi sijui. Muhenna, mhasibu hata usingizini, huhesabu.
Akifika mia tatu na kitu wote huruka,
naye huanza upya bila kinyongo.

Alfajiri nilitoka peke yangu, kanga kichwani,
viatu mkononi, tope likininyonya vidole.
Heroe walikuwa wamesimama majini.
Kwenye kalenda huwa waridi tupu.
Hawa, kwa jua lile la kwanza,
walikuwa na rangi ya ufizi.

Mmoja alichechemea.

Nikamvuta karibu kwa lenzi. Mguu wa kushoto,
chini ya kile ambacho watu hudhani ni goti,
na si goti, ni kifundo,
ulikuwa umepinda kama msumari uliong'olewa.
Mivunjiko nimeiona mingi. Huu niliusoma bila mashine:
ulivunjika zamani, mwaka, pengine miwili,
ukaunga wenyewe, ukaunga vibaya,
lakini ukaunga.
Hakuna aliyeufunga plasta. Hakuna aliyemwambia
wiki sita, usiukanyagie.
Aliinamisha shingo, akapindua mdomo, akala.

Nilingoja ageuke. Jua likanipanda mgongoni.
Nikasema polepole, sijui nikimwambia nani,
vuta pumzi, zuia,
na aliyezuia nilikuwa mimi.
Yeye alitikisika apendavyo.

Niliporudi, Muhenna alikuwa amekaa ngazini mwa gari
na kitambaa cha moto gotini,
chai ya tangawizi imefurika jiko zima.
Goti lile nalijua. Nililipiga mwenyewe,
kabla hajawa mume wangu, upande na mbele,
alikuwa ameanguka akicheza mpira na watu wa benki.

"Imetoka?" akauliza.

Lo. Ndilo swali lao wote,
wakifunga vifungo, wakitafuta kiatu chini ya kitanda:
imetoka vizuri, binti? Halafu, miaka ikienda, dada?
Halafu, mama?
Nami nimeshaona. Nimeshajua.
Na jibu la kazi ni moja tu: Daktari atakwambia.
Nililisema siku moja kwa mama yangu mzazi,
nikamfunga kanga yake, nikaita, anayefuata.

Nikakaa kando ya Muhenna, ngazi ikalia.
Nikamwonyesha kioo cha kamera.
Akavaa miwani, akautazama mguu ule
kama anayetafuta shilingi iliyopotea hesabuni.

"Umevunjika," akasema.

"Ulivunjika," nikasema. "Sogea,
nikamimine hicho kilichobaki cha chai."